Pesa za vibali vya maghorofa zinaingia chungu kimoja, wadi zinabaki na maji taka

Wadau, nina hasira na sitaificha. Kila ghorofa linalopanda Nyali, Tudor na Bamburi hapa Mombasa linatakiwa kulipiwa kaunti kabla msingi haujachimbwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kumtoza mwombaji wa kibali ada ya maendeleo. Sasa mbona mtaa uliopokea familia arobaini kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba moja haupati hata mtaro?

Jibu limo kwenye utaratibu wenyewe, na ndilo linalochoma. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie Hazina ya Mapato ya Kaunti. Yakishaingia humo hayana jina tena. Ada ya jumba la Mkomani, pesa za maegesho ya magari na ushuru wa soko la Kongowea zinakuwa kitu kimoja, halafu mishahara na madeni yanawahi mbele. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, lakini haisemi mtaa uliobeba mzigo ndio ufikiriwe kwanza. Wadi 30 zinabaki kugombania makombo.

Na mzigo wenyewe tunaujua. Sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la maji taka. Ghorofa linachimba shimo lake, mwamba wa matumbawe unayapitisha yale maji hadi visima vya majirani, na masika yakishika shimo linafurika barabarani. Mwenye jumba ana risiti mkononi, jirani ana kuhara.

Uingereza wana tozo ya miundombinu tangu 2010, inayohesabiwa kwa mita za mraba za jengo jipya. Pale inapotozwa, asilimia 15 huenda kwa baraza dogo la eneo lile lile lililojengwa, kwa kikomo kilichowekwa, na inafika 25 ikiwa wakazi wamepitisha mpango wao wa mtaa. Baraza lisipozitumia kwa miaka 5 laweza kudaiwa kuzirudisha. Sisemi tunakili kila kitu. Ninachodai ni ule uzi wa kuunganisha jengo na mahali liliposimama, na sheria yetu haiuzuii: kifungu cha 116 cha ile Sheria ya 2012 kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu, baraza la mawaziri wa kaunti na bunge la kaunti wakikubali, wenye msimamizi wake na hesabu zake. Kinachokosekana ni nia!

Msiniambie tungoje ruzuku. Zile zenye masharti, za Benki ya Dunia kwa miji, mitaa ya mabanda na tabianchi, hupitia Sheria ya Migao ya Ziada kwa Kaunti, ambayo Bunge la Taifa na Seneti hulazimika kuipitisha kila mwaka. Wakivutana, pesa zinakaa. Zikitoka Machi, bado kuna kutangaza zabuni, kutathmini, kisha siku 14 za lazima kabla ya kutia saini mkataba, na Msimamizi wa Bajeti hajaidhinisha kutolewa kwa hela. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa na mradi haujainua tofali.

Halafu ile mikutano ya maoni. Wananchi wakiitwa Mei kusema wanataka nini, viwango vya juu vya kila idara vilishawekwa kwenye Taarifa ya Mkakati wa Fedha, inayotakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari. Makadirio nayo yalishapelekwa kufikia 30 Aprili. Mnaletewa chai na karatasi ya kutia sahihi. Mlango wenyewe ni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaowasilishwa kufikia 1 Septemba kwa mwaka unaoanza Julai inayofuata. Mtaro usiokuwa humo, mwakilishi wa wadi atawaahidi bure, kwa sababu Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 104, inakataza kutenga pesa za umma nje ya mipango.

Kisauni na Likoni kuna kikwazo kingine: ardhi. Kikundi kinaomba choo cha umma au zahanati, kumbe kiwanja ni shamba la mtu asiyeonekana. Mkaguzi akija, hoja ya kwanza ni hati ya ardhi. Fanyeni sachi, yaani mpekue kwenye ofisi ya ardhi kiwanja ni cha nani, kabla ya kuandika ombi.

Tuache kuuliza "pesa zetu ziko wapi", maana swali pana hujibiwa kwa hotuba. Ulizeni hivi: kuanzia Julai hadi Juni, kaunti ilitoa vibali vingapi vya ujenzi katika wadi yetu, kila kimoja kilitozwa ada gani, na kilipewa masharti gani ya mtaro na maji taka? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali barua ya Kiswahili, kuwasilisha ombi ni bure, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakinyamaza, pelekeni kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayopokea malalamiko ya umma. Kibali kikiwa kimeshatolewa vibaya, rufaa inakwenda kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na wengi huikosa kwa kuandamana kwanza.

Dai la mfuko liende bunge la kaunti kama ombi rasmi chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, likitaja asilimia inayobaki wadini. Mimi nasema isipungue 25. Mwenye nakala ya kibali cha jumba lolote la wadi yake afiche majina, aweke hapa masharti yaliyoandikwa, tuone ni mangapi yametekelezwa.