Maktaba moja, vyuo vitatu, na ankara ikija hakuna mwenyewe. Nimechoka na "subirini kikao"

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mkutubi. Nafanya kazi katika maktaba inayohudumia vyuo vitatu kwa pamoja, cha ualimu, cha afya na cha biashara. Sitataja jina la maktaba wala la chuo chochote, maana wenzangu bado wanalisha familia kwa mishahara ya pale. Lakini hali imefika pabaya na anayeumia ni mwanafunzi. Amelipa ada hadi shilingi ya mwisho, amepanda daladala asubuhi, anafika kaunta anaambiwa mfumo haumtambui. Anajibu kwa adabu, "Madam, lakini nimelipia maktaba, risiti hii hapa." Risiti ni halali, na mimi ndiye ninayebaki pale kumwambia hapana.

Nieleweke mapema kwamba silalamikii maktaba kuwa ya pamoja. Ni jambo la busara kabisa. Kitabu kimoja cha rejea cha tiba kutoka kwa mchapishaji wa nje kinauzwa laki kadhaa, na chuo kidogo hakiwezi kununua nakala za kutosha peke yake. Vyuo vitatu vilivyo jirani vikichanga, vinapata jengo la maana, vitabu vingi zaidi na wataalamu ambao kila kimoja peke yake kisingeweza kuwaajiri. Hasira yangu ni kwa wakuu waliokata utepe, wakapiga picha, kisha wakaondoka bila kuandika nani analipa nini, lini, na asipolipa kinatokea nini.

Tuanze na fedha, maana ndiyo mzizi.

Kwenye muundo wa ada wa kila chuo kuna mstari wa maktaba. Mwanafunzi analipa. Fedha inaingia akaunti ya chuo chake, inachanganyika na ya michezo, ya vitambulisho na ya mitihani, na kuanzia hapo maktaba haina njia ya kuiona mpaka iandike barua ya kuomba. Barua inafika kwa mhasibu. Mhasibu wa chuo cha kwanza anauliza kama wenzake wameshatoa. Wa pili anauliza hivyo hivyo. Wa tatu anasema kasma hiyo imeshatumika, tusubiri robo ijayo. Wakati huo ankara ya majarida imeshafika, na mchapishaji hasubiri kikao cha mtu. Tarehe ikipita anakata huduma. Huwa inakatika wakati ule ule wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaandika tafiti zao, na anayeulizwa kwa ukali ni mtu wa kaunta.

Mchango wa kila chuo unapigwa kwa idadi ya wanafunzi. Sawa, ni haki. Sasa mnajua kinachofanyika? Wakati wa kuchangia, idadi inaletwa pungufu. Wanaosoma jioni hawahesabiwi, walio kwenye mafunzo kwa vitendo hawahesabiwi, wa cheti "si watumiaji wakubwa." Hao wasiohesabiwa ndio nawaona kila jioni wamejaa ghorofa ya chini hadi wengine wanasoma wamekaa ngazini.

Halafu waje wakaguzi. Tume ya Vyuo Vikuu na mabaraza mengine ya ithibati hutaka kuona vitabu, viti na wakutubi. Siku hiyo kila chuo kinaikumbuka maktaba. Kila kimoja kinaandika kwenye taarifa yake vitabu vyote vilivyo kwenye rafu, viti vyote, na wakutubi wote kwa majina. Rafu moja inahesabiwa mara tatu katika taarifa tatu. Mimi mwenyewe natajwa kama mtumishi wa taasisi ambayo haijawahi kunilipa hata posho ya chai. Huo ni udanganyifu, wakuu, na ninauita kwa jina lake. Kama unaweza kudai rafu nzima mbele ya mkaguzi, basi ukubali na sehemu yako ya ankara nzima.

Sasa leseni za majarida na vitabu vya kielektroniki. Hapa ndipo wengi hawaelewi, hata baadhi ya wakuu wa idara, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Ukinunua kitabu cha karatasi unakiweka kwenye rafu na yeyote aliyeruhusiwa kuingia anakisoma. Leseni ya kielektroniki haiko hivyo. Ni mkataba, na mkataba unataja taasisi kwa jina, mara nyingi na idadi ya wanafunzi wake, kwa sababu bei inategemea idadi hiyo. Utambulisho hufanywa kwa anwani za mtandao wa taasisi au kwa akaunti ya mtumiaji. Mkataba ukitaja chuo cha afya peke yake, mwanafunzi wa ualimu aliye nje ya jengo hana haki ya kufungua makala ile, hata kama ada yake ndiyo iliyonunua kiti anachokalia akija. Nimeshuhudia wanafunzi wawili waliopanga chumba kimoja, wanaandika kuhusu lishe ya watoto wa shule, mmoja anasoma makala nzima na mwenzake anaishia kwenye muhtasari. Ndipo wanapoanza kuazimana nywila. Mchapishaji anaona makala nyingi zinapakuliwa kwa mpigo kwa akaunti moja, anaifunga akaunti, wakati mwingine anafunga taasisi nzima. Kisha inatoka barua ya kuonya wanafunzi. Wanafunzi! Wakati kosa ni la aliyesaini mkataba wa jina moja kwa maktaba ya vyuo vitatu.

Hata vya bure vinatushinda kwa sababu ya uzembe huu. Mpango wa Research4Life, ambao tawi lake la afya, Hinari, lilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unazipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitaalamu bure au kwa bei ndogo sana. Lakini taasisi yenyewe ndiyo inayojisajili. Hapa kwetu kila chuo kilidhani mwenzake ameshasajili. Ni hivyo hivyo kwa COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, ambao kazi yake ni kutuunganisha tununue kwa pamoja ili bei ishuke. Uanachama una jina na una ada. Jina ni la nani kati ya hawa watatu? Kila ukiuliza unaambiwa suala lipo kwenye ajenda.

Mfumo wa kuazimisha nao ni hivyo hivyo. Tunatumia Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand, isiyo na ada ya leseni. Koha ina uwezo wa kuhudumia matawi mengi na aina nyingi za watumiaji, kila kundi na kanuni zake: siku ngapi, vitabu vingapi, faini kiasi gani. Kwa hiyo mtu asije hapa kusema tatizo ni teknolojia. Kinachokosekana ni orodha ya wanafunzi. Kila chuo kina mtindo wake wa namba za usajili na ofisi yake ya udahili, na hakuna ofisi hata moja inayoona kutuletea orodha ni wajibu wake. Muhula unafika katikati wa mwaka wa kwanza hawajaingizwa. Upande wa pili, wanaomaliza hatuletewi majina yao. Wanagongewa mihuri ya fomu ya kuondoka chuoni bila kupita kwetu, cheti kinatoka, na kitabu kinaondoka naye hadi Kigoma. Kisha bodi inatuuliza sisi vitabu vimekwenda wapi.

Upangaji wa vitabu nausema kwa kifupi tu. Chuo kimoja kilikuja na vitabu vilivyopangwa kwa Dewey, mfumo wa namba, kingine kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi. Tiba ipo 610 ghorofa ya kwanza na ipo tena chini ya herufi R ghorofa ya pili. Kuviunganisha ni kazi ya miezi na ya watu wachache tu, ila fedha ya vibarua haijawahi kupitishwa.

Watumishi ndio jambo linaloniuma zaidi. Tuna waajiri watatu, na viwango vya mishahara vitatu, likizo za aina tatu, mabosi watatu. Mtu aliyekaa kaunta kushoto kwangu anafanya kazi ile ile kwa pesa pungufu, na akifiwa anaomba ruhusa kwa bosi ambaye hajui hata zamu yake ni ipi. Chuo kimoja kikifunga kwa likizo, kinawaondoa watu wake na mlinzi wake, huku chuo kingine kiko kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula, na wanafunzi wanataka tufungue hadi saa nne usiku. Dizeli ya jenereta nayo haina mwenyewe. Umeme ukikatika jioni ya mitihani, tunawatoa watu nje kwa tochi za simu.

Msiniambie haiwezekani, kwa sababu wapo wanaoweza. Kule Denver, Marekani, Maktaba ya Auraria inahudumia taasisi tatu za ngazi tofauti kabisa zilizo kwenye eneo moja: University of Colorado Denver, Metropolitan State University of Denver na Community College of Denver. Imekuwapo tangu miaka ya 1970. Hawakuiacha ielee, uendeshaji umekabidhiwa University of Colorado Denver. Atlanta walichukua njia nyingine. Maktaba ya Robert W. Woodruff, iliyofunguliwa mwaka 1982, inahudumia Clark Atlanta, Morehouse, Spelman na chuo cha theolojia cha ITC, na ni taasisi inayojitegemea yenye bodi yake. Nyaraka za Martin Luther King Jr. zilizo humo ni mali ya Morehouse, na hilo linajulikana wazi, lakini zinatunzwa humo na watafiti wanazitumia humo. Mali ina jina la mwenyewe na huduma ni ya wote. San José, California, tangu mwaka 2003 chuo kikuu na jiji wana jengo moja, na watumishi wa waajiri wawili tofauti wanafanya kazi humo bega kwa bega. Ni vyuo na miji yenye fedha kuliko sisi, najua. Lakini kuandika kwenye karatasi nani ni msimamizi hakuhitaji utajiri.

Na sisi Afrika Mashariki ndio tungepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yakasainiwa mwaka 1984. Miaka saba ya kuvutana juu ya reli, ndege na majengo. Leo vyuo vitatu vinanunua vitabu pamoja, vinafunga kompyuta pamoja, na hakuna aya hata moja inayosema kimoja kikijitoa kinaondoka na nini. Tayari chuo kimoja kimeshawahi kutuma gari kuja kubeba "vitabu vyake" baada ya wakuu kugombana, na tuliozuia mlangoni ni sisi wa mshahara mdogo.

Kuna watakaokuja hapa kuandika kwamba maktaba za nini siku hizi, kila kitu kipo kwenye simu. Ndugu yangu, kilichopo bure kwenye simu yako hakitoshi kumfundisha muuguzi kipimo cha dawa ya mtoto. Vilivyothibitishwa vingi viko nyuma ya leseni, na leseni ndiyo hiyo isiyolipwa. Na mwanafunzi anayepanga chumba kisicho na umeme wa uhakika anahitaji kiti, taa na ukimya kama anavyohitaji kitabu.

Ninachotaka ni hiki. Wakuu wa vyuo wachague, ama chuo kimoja kikabidhiwe uendeshaji wote na wengine wakilipe kwa mkataba, ama maktaba isajiliwe kama taasisi yenye bodi, akaunti na mkurugenzi wake. Waache huu utaratibu wa kamati inayokaa pale tu wajumbe wanapojisikia. Ada ya maktaba iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya maktaba siku mwanafunzi anapolipa. Idadi ya wanafunzi inayotumika kuchangia iwe ile ile inayopelekwa kwa wakaguzi, yenye saini ile ile. Kila leseni itaje vyuo vyote vitatu. Watumishi wote wawe chini ya bosi mmoja na kiwango kimoja.

Viongozi wa serikali za wanafunzi mnaosoma hapa, mna wajumbe kwenye mabaraza ya vyuo vyenu. Kabla ya bajeti ijayo kupita, ombeni nyaraka mbili: mkataba wa kuchangia maktaba, na taarifa ya benki inayoonyesha fedha ya mstari wa maktaba ilikwenda wapi mwaka jana. Ombeni kwa barua, na mdai muhuri wa kupokelewa. Wakutubi wenzangu mlio kwenye maktaba za namna hii, iwe Tanzania, Kenya au Uganda, wekeni hapa chini mikataba yenu inasemaje kuhusu mchango na kujitoa. Aliye na mfano unaofanya kazi auweke tuuchukue. Nitaupeleka mwenyewe mezani kwa wakuu wote watatu.