Naomba ushauri: sefu ya kuhifadhia shotigani nyumbani

Ndugu zangu, ninamiliki shotigani kwa leseni halali hapa Morogoro, na huwa naifungia kabatini kwa kufuli la kawaida. Juzi nilimkuta mwanangu wa miaka 6 akichokonoa kufuli hilo kwa pini ya nywele, na tangu siku hiyo sina amani.

Je, ninunue sefu ya funguo, ambazo nazo zitahitaji maficho, au ya namba inayotumia betri? Sefu ndefu za kutosha shotigani nilizoziona dukani ni za bati jembamba linalobonyea kwa kidole gumba. Hizo sizitaki hata zikifungwa kwa bolti kwenye zege. Risasi nitazitenga kwenye sanduku lake. Naomba pia mnieleze namna ya kuzuia kutu ndani ya sefu wakati wa masika.