Anayesoma chuo kwa mtandao ni mwanachuo, au "yupo tu nyumbani"?

Bint Makorora (mleta mada)

Salaam nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu wiki mbili zilizopita. Tulikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Kamati ikafika kwenye kugawa kazi, na shangazi mmoja, ambaye namheshimu sana, akasema: "Vitumbua vya asubuhi apewe huyu. Wenziwe wako makazini, wengine vyuoni. Yeye yupo tu nyumbani."

Huyu aliyesemwa ni mimi, na niko mwaka wa pili wa shahada ya biashara. Nasoma kwa mtandao, na asubuhi hiyo ya vitumbua nilikuwa na tesiti saa nne. Watu waliitikia "sawa sawa" wakahamia kwenye hesabu ya mchele. Hakuna aliyeona kama kuna jambo limesemwa.

Basi nauliza. Mtu anayesoma chuo kwa mtandao, tumhesabu mwanachuo sawasawa na yule aliyepanda basi Kange akaenda Dar au Dodoma? Nawauliza wazazi na waajiri, na sisi wenyewe tunaosoma pia, maana wapo wenzetu walioingia wakidhani wamepata njia ya mkato.

Msimamo wangu ni huu: ni mwanachuo kamili. Na kinachomwangusha mara nyingi si bando wala ugumu wa somo. Kinachomwangusha ni kwamba nyumbani hakuna anayemwona kuwa anasoma.

Tuanze na hesabu. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, krediti moja ni saa 10 za kazi, yaani mihadhara, kusoma mwenyewe, asaimenti na mtihani, vyote humo humo. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kwa hiyo somo la krediti 12 ni saa 120, na ukizigawa kwa semista ya wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Mimi nina masomo matano. Saa 40! Hizo ni saa za mtu anayeingia ofisini Jumatatu akatoka Ijumaa jioni, na hajakuna nazi hata moja.

Nimeitaja nazi kwa sababu. Muhula uliopita tulikuwa na wasilisho la kikundi saa kumi jioni. Mama mkwe akaniita nikune nazi za futari, sikuweza kumkatalia, nikakaa juu ya mbuzi na kisikizio sikio moja. Sikujua kuwa kinasa sauti changu kiko wazi. Nakuna, kwaru, kwaru, kwaru, mwenzangu anaeleza mizania ya kampuni. Mhadhiri akasimamisha kila kitu: "Nani anachana karatasi?" Nikazima haraka. Zamu yangu ilipofika sikuwa na sauti, maana kidole kilikuwa na tui na skrini ikawa haikubali. Kikundi kizima kikakatwa alama za ushiriki.

Anayefikiria kujiunga ajue mambo kadhaa ambayo mimi sikuambiwa. Mihadhara mingi imerekodiwa, unaisikiliza muda wako, na hapo ndipo mtego ulipo: "muda wako" unakuwa saa sita usiku, ukiwa umeshachoka. Kila wiki kuna mjadala wa kuandika, unatoa hoja yako halafu unawajibu wenzio wawili, na mfumo unahesabu. Darasani ukikaa nyuma kimya hakuna anayekujua, ila huku ukikaa kimya wewe haupo. Kazi za kikundi ni balaa, maana mmoja yuko Mbeya, mwingine yuko zamu ya usiku hospitali. Na mhadhiri humfuati ofisini. Unamwandikia, unangoja.

Ada kwangu ilikuwa nafuu, sikatai. Sikupanga chumba Sinza, sikupanda daladala. Lakini ile nafuu nailipa kwa namna nyingine humu ndani. Nawasikiliza.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba binti. Umeandika vizuri, ila mimi nakupinga.

Nina ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Tangu gati liongezwe kina, meli zinakuja na kazi ipo, kwa hiyo naajiri. Mwaka jana alinijia kijana na cheti cha chuo cha ng'ambo, kasoma akiwa kitandani kwao. Mhuri wa dhahabu unang'aa kama sinia la pilau. Nikamwuliza swali la kitoto: duka limepata faida, mbona sandukuni hamna pesa? Akaniomba ruhusa aende msalani.

Leo kuna hii ChatGPT, unaiuliza inakuandikia asaimenti mpaka na utangulizi. Darasani angalau mwalimu anamwona mtu anavyoumauma kalamu. Huko mtandaoni nitajuaje kasoma yeye, au kasoma mashine?

Na jingine. Chuo si vitabu peke yake. Mtoto anakwenda kuishi na Msukuma, Mnyakyusa, Mpemba chumba kimoja, anajifunza kuomba chumvi na kukosa. Mtu asiyetoka Makorora atajifunza lini kuishi na watu?

Pikipiki ya Sahare

Mimi nilijiunga kozi nne za bure kwa mpigo. Nimemaliza sifuri. Ya kwanza nilifika wiki ya pili.

Ya tano niliilipia kabisa, ya cheti. Wakaandika mwisho wa kutuma kazi ni 6:00. Mimi nikasema saa sita, muda ninao, nikapiga abiria wangu mpaka usiku. Naingia saa tano na nusu nakuta kumefungwa. Kumbe ni saa zao za kizungu, saa kumi na mbili jioni! Hela ikaenda. Msinicheke.

Maalim wa Pongwe

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, naona unamhukumu samaki wa Tongoni kwa kosa la samaki wa sokoni.

Kusoma ukiwa mbali hakukuletwa na simu janja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, na kina vituo mikoani, hapa kwetu kikiwemo. Mimi ni zao lake. Nimefundisha mchana, nimesoma usiku, na mitihani nimeifanya kituoni, kitambulisho mezani, msimamizi ananitazama. Hakuna mashine iliyokuja kunisaidia. Mandela unamkumbuka? Shahada yake ya sheria aliipata mwaka 1989 kwa masomo ya masafa ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Nani atamwambia kuwa hakusoma?

Hata Moodle, mfumo ambao vyuo vingi vinautumia kuwekea masomo, aliyeuanzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyesoma utotoni kwa redio kwa sababu waliishi jangwani, shule iko mbali. Yeye hakuiita njia ya mkato. Ndiyo njia aliyokuwa nayo.

Huyo kijana wa mhuri wa dhahabu, mzee, ulimwomba barua ya TCU? Shahada ya nje inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo inayosema inatambulika au haitambuliki. Na mtu anayetaka kujiunga aangalie huko kabla hajatoa hata senti tano. Ukikuta chuo kinakuahidi shahada miezi sita, mtihani hakuna, ada ulipe leo upate punguzo, hapo kimbia. Kwa hili niko upande wako kabisa.

Ila wewe Bint Makorora umeipa intaneti msamaha ambao haukustahili. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kule kusini, na nusu ya Afrika Mashariki ikabaki kutazama kiduara kinazunguka. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na kazi ya kutuma siku ile. Alinusurika kwa sababu alikuwa ameituma Ijumaa. Na ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 tusiusahau. Ukingoja dakika za mwisho, TANESCO haikujui.

Mama wa Mabawa

Mimi nina neno na huyu binti, mwanangu usinichukie.

Unasema hatukuoni. Sasa tukuone vipi? Mwanangu wa kwanza alipokwenda Dodoma tulimnunulia begi, godoro, ndoo na pasi. Tukasoma dua, mtaa mzima ukajua. Tulimsindikiza Kange na machozi. Sasa hapa kwangu nina mkwe, naye kama wewe anasema anasoma. Mimi naona ameshika simu. Juzi ameshika simu anacheka peke yake, jana ameshika simu amenuna. Lipi ni darasa na lipi ni umbea? Simu ni ile ile, kiti ni kile kile, na kanga ni ile ile ya kupikia.

Ulimwambia shangazi yako kuwa Jumamosi una mtihani? Au ulinyamaza ukaenda kuumia chumbani?

Bint Makorora

Mama, umenishika pabaya. Sikumwambia. Niliogopa kuonekana najikweza mbele ya kamati.

Nimekaa na maneno yako siku tatu. Halafu nikaenda steshenari, nikachapa ratiba yangu ya semista kwa herufi kubwa, shilingi mia tatu, nikaibandika jikoni pembeni ya kalenda ya msikiti. Masomo, saa, siku za tesiti. Mama mkwe alikuja akavaa miwani, akaisoma yote kimya, akauliza: "Hii ya Jumanne saa mbili usiku ni kila Jumanne?" Nikasema kila Jumanne. Jumanne iliyofuata alipika mwenyewe, akawafukuza watoto uani. Sasa hivi nikiwa darasani navaa baibui la kutokea na kukaa mezani. Nimekuwa kichekesho kwa mume wangu, lakini wanaopita dirishani wananiona nimevaa na hawaniiti. Ile kanga ya kupikia ulisema kweli.

Pikipiki ya Sahare, pole ndugu yangu, ila nimecheka. Sasa kila muda wa kutuma kazi naandika ukutani kwa saa zetu: 11:59 ni tano na dakika hamsini na tisa usiku. Na nikikuta chuo cha nje nauliza kwanza hiyo saa ni ya mji gani.

Maalim, la intaneti nimelikubali. Natuma siku mbili kabla.

Vitumbua nilivikaanga. Niliamka saa tisa usiku, unga nilikuwa nimeuloweka Ijumaa, saa mbili asubuhi ndoo mbili zikaondoka na bajaji. Saa nne kamili nikakaa mbele ya kamera ya tesiti, vidole vinanuka iliki. Nilipata 58. Naamini bila vitumbua ingekuwa 70, lakini shangazi akisoma hapa aniwie radhi.

Mzee wa Chumbageni, swali lako la duka lenye faida na sanduku tupu: mali imekopeshwa na wateja hawajalipa, au pesa imegeuka mzigo uko ghalani, au mwenye duka anajichotea, au amelipa deni la benki, ambalo kwenye hesabu ya faida halionekani. Nimeandika hapa hapa bila mashine, ila najua hutaamini. Kama nafasi ya karani bado ipo, niite ofisini. Nitakuja na kalamu, nifungie chumbani uniulize jingine. Isiwe Jumanne jioni tu.