Nimesifiwa Kiswahili juu ya Ndia Kuu! Huyu dereva wa tuktuk nimkute tena

Mwana_wa_Kibokoni (mleta uzi)

Naandika haya nimelala melini, chini kabisa ambako hata dirisha hamna. Injini zishaanza kunguruma na mji wangu washaniacha tena. Mikono yanitetemeka. Mwenye nia ya kuja kunisahihisha herufi, leo apite mbali, leo si siku yake.

Nyote mwamjua. Simtaji. Yule mwenye tuktuk ya maua ya plastiki, spika kubwa kuliko injini, na kofia ya nahodha ilhali chombo pekee alichopanda maishani ni feri ya Likoni. Siku za meli huwa nje ya geti la Kilindini. Kama ushawahi kushuka pale, ushapigiwa mluzi.

Mtu huyo leo amenisifu Kiswahili. Kaniuliza nimejifunzia wapi.

Mimi! Niliyezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikatahiriwa Kibokoni, nikachapwa Kibokoni na kila mama aliyekuwa na fagio karibu. Nyanya yangu alikuwa akimtukana mtu kwa vina na mizani, aliyetukanwa aenda nyumbani aimba.

Haya, nianze mwanzo.

Nafanya kazi kwenye meli ya watalii, jikoni, upande wa mikate. Miezi minane sijakanyaga nyumbani. Leo asubuhi tumefunga gatini, bosi kanipa ruhusa hadi saa nane mchana. Hesabu yangu ilikuwa fupi: tuktuk mpaka kwa mamangu, mahamri na mbaazi, nusu saa ya usingizi juu ya mkeka, nirudi. Natoka getini nimezungukwa na wazee wa Kijerumani wenye kofia pana, ngoma zapigwa, huyu bwana akanidaka mkono. Nikamwambia, "Nipeleke Kibokoni." Akanijibu kwa Kizungu kwamba ndiyo, ndiyo, mji wa kale, ngome, viungo, vyote vimo, dola 30.

Dola 30! Kwa pesa hiyo nafungua gurudumu moja naondoka nalo.

Nikamwambia tena kwa Kiswahili. Akajibu tena kwa Kizungu. Na mnaotaka kuniuliza mbona sikushuka: tuktuk haina mlango, lakini ilikuwa ishafika Moi Avenue. Tukasimama chini ya Pembe. Akanieleza kuwa ni pembe za kweli za ndovu wakubwa wa Tsavo. Alumini zile! Nilizitupia kokoto nikiwa darasa la tatu, zalia kama sufuria. Akanipiga picha sikuomba. Fort Jesus akasema aliijenga Vasco da Gama kwa mikono yake miwili. Da Gama alipita hapa 1498, akaona shari, akakimbilia Malindi. Ngome ilianza kujengwa 1593, yeye ashakuwa mchanga. Msikiti wa Mandhry, mnara ule mnene kila mtu aujua, akauita taa ya kuongozea meli. Nikanyamaza. Yote hayo nikanyamaza wallahi, mtu yuwatafuta riziki yake.

Sasa. Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale.

Tumeingia, baraza mkono wa kulia, paka kalala juu yake kajinyoosha. Tumekaribia kwetu. Nikamwambia, "Shika ndia hiyo ya kushoto." Akapunguza spika. Spika ambayo hakuipunguza mbele ya msikiti, akaipunguza kwa ajili yangu. Akageuka mzima mzima, mkono mmoja kwenye usukani, muguka shavuni, akatabasamu kama mwalimu wa chekechea, akaniambia polepole:

"Twasema nji-a. Nji-a. Lakini si vibaya, wajitahidi sana. Umejifunzia wapi?"

JUU YA NDIA KUU. Barabara yenyewe yaitwa Ndia! Magurudumu yake matatu yote yalikuwa juu ya neno hilo, na yeye yuwanisahihisha!

Waomani waliizingira ile ngome miezi 33, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu wakafa kwa njaa na maradhi mle ndani. Nami naapa hawakuteseka kama nilivyoteseka mimi robo saa ile iliyobaki, maana alipoona nimenyamaza alidhani sijamwelewa. Akarudia.

Wajitahidi sana. Muyaka, malenga wetu wa kale, huko aliko kajifunika shuka.

Dola zangu sizitaki. Nataka aniombe radhi, na aniombe kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa.

---

Punda_wa_Lamu

Ulivaa kaptura?

Mwana_wa_Kibokoni

Hilo lahusiana vipi?

Punda_wa_Lamu

Alivaa kaptura.

Kachori_Moja

Ya mifuko ya pembeni. Naiona kutoka hapa nilipo.

Fundi_wa_Ilala

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu pole sana, nimesoma uzi wote mpaka mwisho. Kwa kweli unajitahidi.

Mama_Kaimati

Hahaha! Unajitahidi sana mwanangu. Umejifunzia wapi?

Kivuko_Kimezima

Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hizo dola 30 ulilipa au hukulipa?

Mwana_wa_Kibokoni

Hamnielewi. ALIPUNGUZA SPIKA. Angelisema huku muziki walia ningejifanya sijasikia, nikashuka na heshima yangu. Alihakikisha nasikia.

Na nililipa 20. Tusiongee hayo.

Kachori_Moja

Kibokoni mpaka Kilindini, dola 20. Mtoto wa mjini.

Tairi_la_Mbele

Mimi ni dereva, niko steji sasa hivi na mwenyewe yuko hapa, yuwahadithia watu. Nawapa kama alivyosema. Ati leo amembeba Mfilipino ajua Kiswahili ajabu, makosa madogo madogo tu, na alipomsifu yule Mfilipino mato yakamjaa machozi kwa furaha.

Mwana_wa_Kibokoni

MFILIPINO???

Tairi_la_Mbele

Ati alikuwa na fulana ya meli. Na harufu ya mkate.

Punda_wa_Lamu

Nimeanguka kitini. Huku kwetu punda akikubeba hakuulizi umejifunzia wapi. Atakubwaga, lakini kwa adabu.

Tairi_la_Mbele

Tena niseme kidogo upande wetu, maana hapa dereva ndiye mbaya siku zote. Siku ya meli tumepanga foleni tangu alfajiri. Mabasi yaja yabeba watu mia mbili kwa mkupuo, sisi twabakishiwa mabaharia wa kwenda kununua vocha na wazee wawili wataka kuzunguka kisiwa kizima kwa bei ya soda. Askari naye ataka chai. Halafu mtu atoka na wazungu, kavaa kama wazungu, atembea katikati ya wazungu. Mimi pia ningemwambia dola 30.

Mwana_wa_Kibokoni

Suala si dola! Ni nji-a!

Boflo_la_Moto

Yakhe, wewe bado una bahati. Mimi ni wa Mkunazini, Unguja, nilikwenda Darajani kununua boflo. Nimevaa kanzu, kofia kichwani, kikapu mkononi. Papasi, hawa wanaowakimbilia watalii, akanifuata mpaka mlangoni kwetu: "Jambo jambo, rafiki, hakuna matata!" Jambo jambo! Mwarabu wa Mkunazini anaambiwa jambo jambo! Mama yangu akatoka, papasi akamwambia na yeye jambo jambo.

Mama_Kaimati

Na kofia yako ya vito kichwani? Astaghfirullah.

Fundi_wa_Ilala

Dah. Hapa Dar hatusifiwi chochote. Juzi bajaji kanishusha katikati ya dimbwi, mvua inanyesha, nikamwambia sogea kidogo, akaniambia kuogelea ni bure.

Kachori_Moja

Tuktuk.

Fundi_wa_Ilala

Bajaji.

Kachori_Moja

Bajaji ni jina la aliyeitengeneza. Sisi tumeita kwa mlio wake. Tuktuk tuktuk tuktuk. Sikiza.

Fundi_wa_Ilala

Yaani mnaona kitu mnakiita kwa mlio, kama mtoto anavyomwita ng'ombe "moo". Nanyi ndio wenye Kiswahili.

Boflo_la_Moto

Wenye Kiswahili ni Unguja, hilo lishafungwa zamani. Kiswahili sanifu kimechukuliwa kwetu, hakikuchukuliwa Kibokoni.

Mwana_wa_Kibokoni

Nilijua tu tutafika hapa. Kilichukuliwa kwenu kwa sababu mlikubali kila kitu! Sisi tulikataa! Ndiyo maana tuna ndia na nyinyi mna njia!

Boflo_la_Moto

Basi dereva alikuwa anakufundisha sanifu. Mshukuru.

Kivuko_Kimezima

Jamani mwenye uzi, na mama je? Ulimwona? Mbona hadithi imekatika mlangoni?

Mwana_wa_Kibokoni

Nilimwona. Mzima.

Kivuko_Kimezima

Na?

Mwana_wa_Kibokoni

Mnanitesa. Haya. Kafungua mlango, leso mbili, mkono mmoja una unga. Yule jamaa akashuka kwanza, kavua kofia ya nahodha, akamwambia, "Shikamoo mama, nimekuletea mgeni, anakijua Kiswahili kidogo." Mamangu akacheka hadi akashika nguzo ya mlango. Akamkaribisha ndani. YEYE. Akampa mahamri manne na bakuli la mbaazi lililokuwa langu, nimeliota miezi minane mimi lile bakuli. Jamaa akala huku amwambia mamangu kuwa najitahidi. Na mamangu, aliyenizaa, akasema kweli, tangu aingie meli hizo maneno yake yamekuwa mazitomazito.

Mama_Kaimati

Ahsante mama. Mama kasema.

Tairi_la_Mbele

Yathibitishwa. Mahamri mawili ameyaleta steji kwenye karatasi. Nakula sasa hivi. Iliki imekolea.

Punda_wa_Lamu

Ndipo tujue mji wenu hauna heshima. Lamu mama hampi mgeni bakuli la mwanawe. Ndiyo maana UNESCO waliuandika mji wetu mzima urithi wa dunia 2001. Nyinyi mmeandikiwa ngome tu, 2011, na ngome yenyewe ya Wareno.

Boflo_la_Moto

Mji Mkongwe 2000. Lamu mkasubiri mwaka.

Magofu_ya_Kusini

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, 1981. Nyote kaeni chini mnywe maji.

Fundi_wa_Ilala

Hapo sasa. Kilwa wametoka chaka.

Punda_wa_Lamu

Kilwa ni magofu ndugu yangu, hakai mtu humo. Sisi tuna watu ndani.

Magofu_ya_Kusini

Ndio raha yake. Hakuna wa kukusifia Kiswahili.

Mwana_wa_Kibokoni

Tunaweza kurudi kwenye uzi? Juu ya Ndia Kuu, nawaambia. Kibao kipo. Paka alikuwepo, alinitazama. Hata paka aliona haya.

Kachori_Moja

Paka wa Mji wa Kale hana haya, aliiba samaki wangu mbele ya macho yangu na kunitazama vilevile. Nawe mleta uzi umesema mbaazi, tafadhali niondolee ubishi wa nyumbani kwangu. Mbaazi za asubuhi, tui zito au jepesi?

Mama_Kaimati

Zito, na lile la kwanza litiwe mwisho kabisa, moto umeshushwa. Ukilichemsha sana limekatika, utakula maji na mbaazi.

Fundi_wa_Ilala

Huku tunakula na chapati.

Boflo_la_Moto

Chapati na mbaazi za nazi ni dhambi ndogo, nakusamehe. Nambieni nyinyi wa Mombasa, nakuja mwezi ujao: viazi karai vizuri viko wapi siku hizi? Zamani nilikuwa nakula Lighthouse pale kwa mihogo na madafu.

Kivuko_Kimezima

Lighthouse jioni bado, upande wa baharini. Lakini kama wataka viazi karai vyenye ngozi ya unga mwembamba, njano isiyo kali, ingia Mji wa Kale baada ya magharibi, fuata harufu. Usiulize mtu, ukiuliza utapelekwa kwa binamu yake.

Tairi_la_Mbele

Siku hiyo nikujie stendi. Bei ya kienyeji.

Boflo_la_Moto

Dola ngapi?

Tairi_la_Mbele

Yategemea umevaa nini.

Mwana_wa_Kibokoni

Jamani. Uzi wangu.

Mama_Kaimati

Uko salama baba, tuko humu humu. Boflo, na ukwaju wa viazi hakikisha ni wa kuloweka, si wa kuchemsha. Wa kuchemsha wauma koo.

Kachori_Moja

Wa kuchemsha wakaa zaidi lakini.

Mama_Kaimati

Wakaa zaidi kwa sababu hakuna auatakaye.

Mwana_wa_Kibokoni

"Autakaye", mama. Lakini si vibaya.

Mama_Kaimati

Toka humu.