MREJESHO: Daube ya New Orleans, nyama ngumu na mchuzi majimaji

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini daube, ile nyama ya ng'ombe ya Kikrioli (mapishi ya New Orleans, Marekani) inayopikwa polepole kwa nyanya na divai nyekundu, inatoka ngumu na mchuzi majimaji.

Nimefuata ushauri wa kuachana na steki. Nimechukua nyama ya bega, pande zima la kilo 1.5, nikalikausha kwa kitambaa na kulikaanga kila upande mpaka kahawia iliyokolea. Vitunguu, seleri na hoho vikafuata kwenye mafuta yaleyale, na ukoko wa chini nikaubandua kwa divai. Oveni nyuzi 150, sufuria zito lenye mfuniko, saa 3 na nusu. Baada ya saa 2 uma ulikuwa bado unagoma. Aliyesema "usiitoe, kano hazijalainika" alikuwa sahihi kabisa.

Mchuzi ndio haukukaa sawa. Unga wa ngano vijiko 3 na mafuta vijiko 3 nimevikaanga mpaka rangi ya chokoleti. Ladha safi, ila unga ukikolea hivyo nguvu yake ya kufanya mchuzi mzito inapungua. Nimetoa nyama, nikachemsha mchuzi bila mfuniko dakika 20, hapo ndipo ukashika kwenye tambi za kulia daube. Asiyetaka usumbufu huo aishie rangi ya karanga za kukaanga.