Michango ya tetemeko la Kagera: ilikuwa haki kuanza na shule?

Mhamugembe: Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoangusha nyumba zetu, nchi nzima ilichanga, na wengi walidhani wanawachangia wahanga. Januari 2017 Rais Magufuli alifika Bukoba akatuambia waziwazi kuwa Serikali haitamjengea mtu nyumba, bali itarudisha shule, zahanati na barabara. Bibi yangu alikaa chini ya turubai mpaka masika yakapita, huku shule ya sekondari ya Ihungo, hapa Bukoba, ikiinuliwa upya. Anayeona hilo lilikuwa haki anieleze bila kunifokea.

Mwalimu Mstaafu: Nampa pole bibi, lakini shule ndiyo ya kuanza nayo. Bweni likipasuka, mwenye uwezo humhamishia mwanawe shule ya kulipia, ilhali mtoto wa mkulima wa migomba hurudi nyumbani na godoro lake kichwani, na huenda asirudi darasani tena. Isitoshe, nyumba nyingi zilianguka kwa sababu wenyewe walizijenga kwa tofali za udongo, bila nondo wala mkanda wa zege wa kuzifunga kuta kwa juu.

Mhamugembe: Kumbe kosa ni letu! Majengo ya kale ya Ihungo yalijengwa na wamisionari, wala hayakuwa vibanda vya udongo. Mbona nayo hayakusalimika? Na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaopangiwa pale hutoka mikoa yote, kwa hiyo usinitajie mtoto wa migomba kana kwamba ni wa Hamugembe yetu hapa Bukoba peke yake.

Mlipakodi: Mnachanganya mafungu. Uingereza ilisaidia kuijenga upya Ihungo, kwa hiyo msidhani kila shilingi ya pale ilitoka kwenye michango ya wahanga. Swali la michango yetu liulizwe kwingine: mmesahau viongozi waliotumbuliwa mwezi uleule wa tetemeko kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina kama la kamati ya maafa?

Fundi Mwashi: Nirudi kwenye tofali, maana nimeguswa. Mteja huniletea mifuko sita ya saruji kwa nyumba ya vyumba vinne. Nikimtajia mkanda, ananiuliza kama nataka kumfilisi. Tofali linaunganishwa kwa tope, juu linapigwa lipu, na mpita njia anaona nyumba ya kisasa. Huo si uzembe, Mwalimu, ni mfuko mtupu.

Mwalimu Mstaafu: Sikusema uzembe, nilisema nondo. Hata hivyo nakubali kwamba neno "wenyewe" lilikuwa kali.

Mhamugembe: Nimelipokea, Mwalimu. Mlipakodi naye ananiambia fedha ni za mfuko mwingine, kana kwamba bibi angeweza kuezekea maelezo hayo. Tulimrudishia chumba kimoja kwa tofali zilezile zilizoanguka, kwa sababu hatukuwa na nyingine, na mlango wake mpaka leo haufungi bila kuuinua kwa mikono miwili.

Fundi Mwashi: Hiyo ni fremu iliyopinda. Ni kazi ya nusu siku, ila ukutani hapo juu bado hakuna mkanda.