Mwalimu wa yoga mwili ukianza kukataa, anaendelea kufundisha nini?

mkeka_wa_alfajiri:
Habari zenu wapendwa. Nafundisha yoga, umri umeshasogea na goti la kulia linanisumbua, kuna pozi nilikuwa naonyesha mbele ya darasa bila shida sasa haziji tena. Nauliza wale mliofanya hii kitu miaka mingi, mazoezi yenu wenyewe ya nyumbani yamebadilikaje, na je mwalimu asiyeweza tena pozi fulani ana haki ya kulifundisha? Nawaona vijana mtandaoni walivyo laini, nawaza labda nipumzike tu.

Bwana_Pumzi:
Dada usipumzike! Soma maisha ya B.K.S. Iyengar wa kule Pune, India. Wengi wanamjua kwa zile picha amejikunja ajabu, lakini yule alikuwa mtoto wa kuumwa, kazaliwa 1918 kipindi cha ile homa kubwa ya mafua, akaja malaria, taifodi, TB, alipoenda mji wa Mysore kwa shemeji yake Krishnamacharya, mwalimu wa yoga, mwili ulikuwa mkavu na dhaifu kabisa. 1937 akatumwa Pune kufundisha ana miaka 18 tu na baadhi ya wanafunzi wako fiti kuliko yeye, basi ikabidi afanye mazoezi peke yake masaa na masaa ili ajue anachokisema. Halafu sasa 1979, ana miaka 60, ajali ya skuta, uti wa mgongo ukaumia, pozi alizozoea zote zikamkimbia. Akaanza upya taratibu, na vile viti, kamba, mikanda na matofali ya mbao aliyokuwa anawawekea wagonjwa, yeye mwenyewe ndo akavihitaji. Ana miaka tisini na ushee bado anasimama kichwa chini mpaka nusu saa, amefariki 2014 na miaka 95. Mwalimu aliyewahi kukataliwa na mwili wake anamwona mwanafunzi vizuri zaidi, hilo naliamini kabisa.

mama_wawili:
Bwana Pumzi kwenye mazoezi niko na wewe, ila ufundishaji wa Iyengar hapana, inajulikana alikuwa anafoka na kuwachapa watu makofi darasani, mimi mwanafunzi wangu simgusi hivyo hata iweje. Ninayemfuata ni huyohuyo Krishnamacharya ila wa uzeeni. Mysore alikuwa anafundisha wavulana pale ikulu ya maharaja, wana nguvu, ndo maana zile pozi za kurukaruka ambazo mwanafunzi wake mwingine, Pattabhi Jois, aliendelea nazo, lakini alipohamia Chennai miaka ya 50 akawa anakaa na mtu mmoja mmoja, anakuangalia pumzi, anakuuliza afya yako na kazi yako, kisha anakupangia ya kwako wewe. Kaishi hadi 1989, miaka 100. Kwa hiyo dada, mazoezi yako ya asubuhi yawe ya goti lako la leo, na usiyafanye huku unapanga darasa la jioni kichwani, hayo mawili yatenganishe kabisa, maana ukichanganya unabaki hufanyi yoga yako tena, unafanya maandalizi ya darasa tu.

kiungo_kwa_kiungo:
Kwanza goti likaguliwe na daktari, tusikisie humu. Darasani mwite mwanafunzi mmoja aonyeshe wewe uzunguke uangalie miguu ya watu, mwalimu anayeonyesha kila kitu muda wote hawaoni watu wake. Kwenye kukaa kishujaa, lile pozi la kupiga magoti na kukaa katikati ya miguu, usishushe makalio sakafuni, kalia tofali, au mawili, na nyuma ya goti weka kitambaa ulichokiviringisha.

mkeka_wa_alfajiri:
Asanteni sana jamani, mmenigusa. Mama wawili hilo la kutenganisha limeniingia, maana kweli asubuhi nzima kichwa kinakuwaga kwenye darasa. Kiungo, daktari naenda wiki hii, ila hicho kitambaa kiwe kinene kiasi gani?

kiungo_kwa_kiungo:
Anza na chembamba, kama taulo dogo la mkono, kiingie ndani kabisa kwenye mkunjo. Ukikaa usikie nafasi tu pale nyuma, ikibana au ikichoma inuka, ongeza tofali kwanza kabla hujagusa kitambaa.